Alichosema Bibi Hezal

"Samahani dada, wewe ndiye mwenye hii video?"

Nilay aligeuka na uso wa mtu aliyeulizwa hivyo jioni nzima. Projekta ya chumba cha pili ilikuwa imegoma tangu mchana, msimamizi wa maonyesho alikuwa amelisahau jina lake kwenye hotuba, na viatu vipya vilikuwa vinambana. Akajilazimisha kutabasamu.

"Ndiyo, ni yangu. Karibu."

"Naitwa Mizgin. Kazi yangu ni uwakili, ila leo nimekuja kutazama tu. Huyo mama anayekanda unga ni nani wako?"

"Bibi yangu, mzaa baba."

"Basi naomba nikuulize jambo, na usinichukie. Mbona maandishi ya chini hayasemi anachosema yeye?"

Nyuma yao, ukuta mzima ulikuwa umejaa Bibi Hezal. Alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Bağcılar, kakunja mikono ya gauni, anakanda unga na kuongea Kikurdi. Alikuwa akisimulia siku kijiji chao kilipochomwa moto, mwaka ambao Nilay alizaliwa hapa hapa Istanbul. Chini ya mikono yake yalipita maandishi ya Kituruki. Watu wamesimama na glasi zao, wanasoma, wanashusha pumzi. Kazi hiyo ilikuwa imemla Nilay usingizi, akiba na karibu akili.

"Hayasemi vipi?" aliuliza.

"Mwanzo yako sawa. Habari za mbuzi, za kisima, sawa kabisa. Lakini akifika kwenye moto... ngoja, inakuja. Soma."

Maandishi yakapita: *Walikuja watu. Hatukuwajua. Nyumba zikaanza kuungua.*

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Sasa yeye kasema hivi: 'Hakuja mgeni. Alikuja mgambo wa kijiji, jirani yetu, aliyekula mkate wangu asubuhi ileile. Yeye ndiye aliyewaonyesha mlango wa kuanzia.' Halafu anamtaja na jina."

Nilay alihisi masikio yanapata moto. "Jina gani?"

"Hilo usinitajishe mimi. Jina la mtu kwenye jambo zito namna hii akutajie mwenyewe aliyelisema." Mizgin alimtazama kwa upole uliomuudhi. "Kwani wewe Kikurdi hujui?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Marehemu baba yake alikuwa amekataa kuisema lugha hiyo nyumbani, eti mtoto asije akachekwa shuleni. Mama yake, Mturuki wa Trabzon, hakuijua hata salamu yake. Kwa hiyo Nilay, msanii wa kumbukumbu anayesifiwa magazetini, alikuwa hamwelewi bibi yake mwenyewe akianza kuongea kwa kirefu.

"Sijui," alisema.

"Nani amekutafsiria?"

Nilay akatupa macho upande wa pili wa ukumbi. Ferzan alikuwa amesimama na shati lake jeusi, kakumbatia koti la Nilay, anacheka na watu. Ndiye aliyerekodi sauti ya video ile, ndiye aliyeitafsiri, na ndiye mchumba wake. Jumapili ya wiki hiyo hiyo baba yake alikuwa anakuja kutoka kwao mashariki kuleta posa.

"Mtu ninayemwamini," Nilay alisema.

*

Nilay alimvuta Ferzan mpaka kwenye ngazi za nyuma, pale wanapovutia sigara.

"Ferzan, kwenye video ya Bibi kuna mgambo?"

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Lilibaki pale usoni halina kazi.

"Nani kakwambia?"

"Sikuuliza nani kaniambia. Nauliza kuna mgambo au hakuna."

"Yupo."

"Na kwenye maandishi yuko wapi?"

Ferzan akaangalia chini. "Nilay, roho yangu, sikiliza..."

"Uliogopa? Uliogopa wataifunga kazi yangu, si ndiyo? Kwamba wafadhili wakiona habari za mgambo wa serikali watakimbia?"

Masikini Nilay, yeye mwenyewe ndiye aliyemfungulia mlango wa kutokea, na jamaa akapita mbio.

"Ndiyo. Niliogopa hivyo. Unajua hali ilivyo. Mtu anaitwa kuhojiwa kwa sentensi moja."

"Kwa hiyo ukaamua peke yako."

"Nilitaka kukulinda."

"Mimi nimekuomba unilinde? Nilikuomba unitafsirie. Ni vitu viwili tofauti, Ferzan. Anayeweka shingo yake pale ni mimi. Jina lililobandikwa mlangoni ni langu."

"Ndiyo maana nikafanya."

"Usinizingue."

Akamnyang'anya koti lake akashuka ngazi, viatu vikimuuma kila hatua. Alikuwa hajafika kituo cha metro, simu ikatetema.

*Nisamehe roho yangu. Kila kitu nilifanya kwa ajili yako.*

Akajibu huku watu wakimpita kushoto na kulia:

*Usinifanyie tena kitu chochote kwa ajili yangu.*

*

Asubuhi yake alikuwa Bağcılar. Bibi Hezal alimfungulia, akambusu paji la uso, akamwekea chai, jibini ya majani na mkate wa moto, kisha akakaa kumtazama akila. Kituruki cha Bibi kilikuwa cha sokoni, maneno machache na yote makavu. Hakupenda kukisema, na alipolazimika alikisema kama anayelipa faini.

"Hukulala," Bibi alisema.

"Sikulala. Bibi, kwenye video ulisema nini pale kwenye moto?"

"Nilisema."

"Ndiyo, ulisema. Ulisema nini?"

"Nimeshasema, mjukuu wangu. Mara moja inatosha. Muulize aliyeshika maikrofoni."

Nilay akaweka mkate mezani. "Ferzan? Yeye ndiye kanidanganya. Kaandika vingine kabisa."

Bibi Hezal hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililompandisha Nilay presha.

"Bibi, ulijua?"

"Kuandika sijui. Kusoma sijui. Lakini nilimuona uso. Mimi nasema, yeye kashika ile fimbo yake ya maikrofoni, macho kayashusha. Nikajua."

"Ukajua nini?"

"Siku ya kwanza kuja hapa nilimuuliza, wewe mtoto wa nani? Akanitajia babu yake, mzaa mama yake. Kwetu mwanaume ambaye baba yake yu hai hajitaji kwa mama. Akijitaja hivyo, kuna kitu. Halafu nikamtazama vizuri. Masikio yale nayajua."

Nilay akasukuma sahani pembeni. "Kwa hiyo pale jikoni, mbele ya kamera..."

"Nilikuwa nasema naye. Kamera yako ilikuwa inasikiliza tu."

"Na mimi? Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, mbele yako. Kwa nini hukuniambia mimi?"

Bibi alimimina chai nyingine kabla ya kujibu.

"Wewe uliniambia, Bibi, sema kwa lugha yako, lugha yako inapendeza kwenye video. Basi nikasema kwa lugha yangu."

Nilay akakumbuka. Kweli alisema hivyo. Alisema inapendeza. Alimkalisha bibi yake dirishani kwa ajili ya mwanga, akamwekea unga ili mikono iwe na shughuli, akaisikiliza sauti yake kama mtu anavyosikiliza mvua, na katika yote hayo hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu chumba kile kile aliyekuwa anaelewa na kuumia. Aliona hasira yote ikimrudia yeye mwenyewe, na hasira ya namna hiyo huna wa kumtolea.

Akatoka nje ya mlango na simu yake, akakaa kwenye ngazi za jengo, akampigia Ferzan.

"Nilay, asante kwa kupiga, nilikuwa nataka..."

"Jina la nani?"

"Nini?"

"Mgambo. Bibi kamtaja jina. La nani?"

Jirani mmoja akapanda na mifuko ya nyanya, akamsalimia, Nilay akaitikia kwa kichwa.

"Nakuja hapo, tuongee uso kwa uso."

"Usije. Nataka jina."

"La baba yangu," Ferzan alisema.

*

Mchana huo alikwenda ukumbini akazima video. Msimamizi wa maonyesho, bwana mmoja wa miwani mikubwa aitwaye Ilter, akaja mbio mbio.

"Nilay, huwezi kuzima. Kuna wageni kutoka Ankara wako njiani."

"Ina uongo ndani."

"Jamani, kila mtazamaji ana tafsiri yake, hiyo ndiyo sanaa yenyewe. Pengine hata huo uongo ni sehemu ya..."

"Bwana Ilter, usiniletee sanaa hapa. Bibi yangu kasema kitu kimoja, mimi nimewaonyesha watu kingine. Weka kibao kwamba ni mbovu."

Ilter akaondoka akinung'unika. Nilay akakaa kwenye benchi gizani, mbele ya ukuta mtupu. Hapo ndipo Ferzan alipomkuta. Alikuwa hajanyoa, na alibaki amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kukaa.

"Nilikuwa mtoto mchanga, Nilay."

"Nimekuuliza umri?"

"Nimekua nikijua kwamba baba alikuwa mgambo. Wenzangu shuleni walinitemea mate kwa hilo. Lakini habari ya nyumba yenu sikuijua. Nakuapia. Nimeisikia kwa mara ya kwanza pale jikoni, kwenye hedifoni, kutoka mdomoni mwa bibi yako, na wewe umekaa pembeni unatabasamu unasema, 'endelea Bibi, ni nzuri sana.' Mimi nifanye nini?"

"Uniambie."

"Nikwambieje? Mpenzi, leo tumerekodi vizuri, halafu kumbe baba yangu ndiye aliyewachomesha nyumba yenu?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Ungeniacha."

"Labda. Labda nisingekuacha. Sasa hutajua, kwa sababu hukunipa hata nafasi ya kukuacha."

Ferzan akajifuta uso kwa kiganja. "Ni aibu yake, si yangu. Nilitaka tu isije ikakaa katikati yetu."

"Hujaelewa bado. Mimi sikushtaki kwa ya baba yako." Sauti ya Nilay ilianza kupanda, akaiacha ipande. "Mwingine angenidanganya kwa kitu ninachoweza kukikagua. Angesema alikuwa kazini, ningepiga simu kazini. Wewe umenidanganya pale ambapo mimi ni kipofu, na ulijua mimi ni kipofu hapo. Nimekaa na sauti ile mchana na usiku. Nimeilia, Ferzan. Hapo pa 'hatukuwajua' ndipo nilipokuwa nalia kila mara. Kumbe nalilia maneno yako wewe. Umechukua mdomo wa bibi yangu ukautumia."

"Nitaandika upya. Leo leo, neno kwa neno."

"Na nani atajua kama umeandika kweli? Mimi?"

Ferzan akageukia ukuta mtupu.

"Nitampa Mizgin, yule wakili, aitafsiri," Nilay alisema. "Wewe basi."

"Sawa. Na Jumapili? Baba keshapanda basi. Nimpigie ashuke njiani?"

Nilay alitaka kusema ndiyo. Alitamani sana kusema ndiyo, na basi lenyewe lirudi na kila kitu kilichomo. Lakini asubuhi ile Bibi Hezal alikuwa amempa neno moja wakati anaondoka, na neno la Bibi halikuwa la kuchezewa.

"Bibi kasema aje."

"Anajua ni nani?"

"Alijua kabla yangu mimi. Aje."

*

Jumapili mama yake Nilay, Mama Nurten, alifika Bağcılar mapema, akafuta vumbi mahali palipokwisha kufutwa. Binti yake alikuwa amemweleza yote, na tangu hapo mama wa watu hakutulia.

"Mwanangu, tuwaambie una homa. Waje siku nyingine."

"Mama, Bibi kasema waje."

"Bibi yako ana moyo wa chuma. Mimi moyo wangu ni wa nyama. Kahawa umeiandaa? Chumvi iko wapi, ya kikombe cha bwana harusi?"

"Simtii chumvi."

"Ni mila, Nilay. Kila posa bwana anatiwa chumvi, watu wanacheka."

"Ule ni utani wa watu waliopatana, mama. Sisi hatujapatana."

Kengele ikalia. Mzee Sabri, baba yake Ferzan, aliingia na boksi la chokoleti na maua, mtu mfupi aliyevaa suti iliyomzidi mabega. Nilay alikuwa amejiandaa kuona jitu. Alikuta kizee kinachotafuta pa kuweka viatu. Hilo nalo likamkera, kwa sababu si rahisi kumchukia mtu anayehangaika na kamba za viatu. Ferzan alikuja nyuma yake, rangi imemtoka.

Walikaa. Bibi Hezal alikuwa kwenye kochi la katikati, kitambaa cheupe kichwani. Mzee Sabri hakumwangalia usoni. Kahawa ikapita. Kisha mzee akakohoa, akasema kwa Kituruki maneno ambayo kila mtu aliyekuwa pale alishayasikia kwenye posa nyingine:

"Kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume wake, tumekuja kumwomba binti yenu Nilay kwa kijana wetu Ferzan."

Mama Nurten akamwangalia Bibi, kwa sababu jibu ni la mkubwa wa nyumba. Bibi Hezal akajibu kwa Kikurdi, polepole, mikono kaiweka magotini. Kikombe cha Mzee Sabri kikasimama njiani kwenda mdomoni.

"Kasema nini?" Mama Nurten aliuliza.

Nilay alikuwa bado amesimama na sinia. Akamgeukia Ferzan.

"Tafsiri."

"Nilay, mbele ya..."

"Hiyo ndiyo kazi yako. Tafsiri."

Ferzan akavuta pumzi. "Amesema, 'Sabri, umezeeka.'"

"Endelea."

"'Siku ile ulikula mkate kwangu, ukanishukuru. Jua halijafika utosini ukarudi na wenye bunduki, ukanyoosha kidole kwenye mlango wangu. Nyumba zilikuwa nyingi. Nataka kusikia kwa nini wangu ndio ulikuwa wa kwanza.'"

Mzee Sabri akaweka kikombe chini. Akasema kitu kifupi akitazama zulia.

"Baba kasema, 'Mama, hayo ni ya zamani. Sisi tumekuja kwa heri.'"

Bibi akarudisha neno moja.

"'Kwa nini.'"

Nyumba ya juu mtoto alikuwa anapiga mpira sakafuni. Mzee Sabri alianza kuongea, kwanza taratibu, kisha kwa haraka, mikono inacheza, jasho linamtoka. Akafika mahali akamnyooshea kidole mwanawe, akamaliza na maneno machache ya ukali.

Ferzan alikuwa ameangalia dirishani.

"Tafsiri, Ferzan."

"Amesema, 'Waliniambia nisipoonyesha wataanza na nyumba yangu. Ndani kulikuwa na mke wangu na mtoto mchanga.'" Akasita. "Mtoto huyo ni mimi."

"Halafu?"

"'Niliwaonyesha mlango wako kwa sababu mumeo alikuwa amefariki na mwanao yuko Istanbul. Nilijua hakuna mwanaume wa kuja kunidai.'"

Mama Nurten akajiziba mdomo.

"Na mwisho?" Nilay alisema. "Amekunyooshea kidole akasema nini?"

"Amesema, 'Hilo usiwatafsirie.'"

Mzee Sabri aliielewa sentensi hiyo vizuri sana, Kituruki anacho. Alimtazama mwanawe kwa namna ambayo Nilay alishindwa kuendelea kuitazama. Bibi Hezal alikuwa amefumba macho. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyeletewa mzigo alioungoja muda mrefu akaukuta mwepesi kuliko alivyodhani. Kisha akafumbua macho, akasema sentensi moja.

Ferzan akafungua mdomo, akaufunga.

"Kasema nini?" Mama Nurten aliuliza kwa matumaini. "Kakubali?"

Baba mtu alikuwa anamsihi mwanawe kwa macho. Nilay akaona kila kitu kimekuja kusimama hapo. Ferzan angeweza kusema chochote. Angeweza kusema Bibi kataka muda, Bibi kataka dua isomwe, Bibi kasamehe. Mama Nurten angeamini, angalia machozi yalivyomlenga tayari. Na yeye Nilay, na sinia lake, angejuaje?

Ferzan akamtazama yeye, hakumtazama mtu mwingine.

"Amesema, 'Nimekusikia. Lakini mjukuu wangu simtoi kwa nyumba yako.'"

"Ee Mungu wangu," Mama Nurten akanong'ona.

Nilay alibaki amesimama. Alimwamini. Aliudhika kuona alivyomwamini haraka, baada ya siku zote hizo za kujiandaa kutomwamini tena. Lakini nani angejitungia uongo wa kujinyima mke?

Bibi Hezal akageuka kwa Mama Nurten, akasema kwa Kituruki chake kikavu:

"Sawasawa. Hakupunguza. Hakuongeza."

Nilay akamkazia macho. "Bibi. Ulikuwa unafuata yote?"

"Mji huu nimekaa sana. Kusikia nasikia. Kusema ndiyo sipendi."

"Kwa hiyo ulikuwa unampima."

"Nani mwingine angempima? Wewe?"

Mzee Sabri aliinuka, akaacha chokoleti na maua mezani, akasema salamu ambayo Bibi aliiitikia, kwa sababu salamu haikataliwi. Mlangoni alihangaika tena na viatu. Ferzan akainuka kumfuata.

"Wewe kaa," Bibi alisema.

"Bibi, umeshakataa. Nimesikia mwenyewe."

"Nimemkatalia yeye. Yeye ndiye aliyeomba. Wewe hujaniomba kitu."

Ferzan akasimama katikati ya sebule, hajui akae au atoke. Nje, hatua za baba yake zilikuwa zinashuka ngazi pole pole.

"Msindikize kwanza," Nilay alisema. "Ni baba yako. Halafu urudi."

Alikwenda. Alikawia kiasi cha Mama Nurten kuosha vikombe vyote huku akilia na kupiga chafya. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu. Akapiga magoti mbele ya kochi, akaanza:

"Bibi, kwa amri ya Mungu na kauli ya..."

"Ngoja kwanza," Nilay alimkatisha. "Hapa wote mnaombana na kukataliana juu yangu. Mimi bado sijaulizwa."

"Basi sema," Bibi alimwambia.

Nilay alikaa chini kwenye zulia, uso kwa uso na Ferzan. Alikuwa amechoka. Alikuwa anampenda, na hilo lilikuwa linamchosha zaidi.

"Leo sikukatai. Na leo sikukubali."

"Nifanye nini, Nilay? Niambie, nitafanya."

"Kila siku nikiwa na wewe nitakuwa najiuliza umenipa maneno yote au umenipunja. Siwezi kuishi na mume huku nimemwajiri wakili wa kumhakiki. Kwa hiyo utanifundisha Kikurdi. Chote, mpaka matusi. Siku nitakayoweza kukukamata uongo mimi mwenyewe, siku hiyo uje uombe."

"Mwanangu," Mama Nurten akasema kutoka jikoni, "hiyo si itakuwa miaka?"

"Basi iwe miaka. Kwani anakwenda wapi?"

"Siendi popote," Ferzan alisema.

"Hilo tutaliona."

"Tuanze na nini? Salamu? Hesabu?"

"Anza na alichosema Bibi pale jikoni. Pale pa moto, pale ulipoharibu. Sentensi moja moja."

Ferzan akamwangalia Bibi Hezal, kana kwamba anaomba ruhusa. Basi akaitamka sentensi ya kwanza kwa Kikurdi, taratibu, ile ya kwamba hakuja mgeni. Nilay akairudia. Ulimi ulimgomea katikati, koo likakwaruza pale lisipotakiwa kukwaruza. Alijisikia mjinga, mwanamke mzima mbele ya mama yake. Akarudia tena huku machozi ya hasira yanamtoka, akafika mwisho, akamtazama bibi yake akingoja kusifiwa.

Bibi Hezal akatikisa kichwa.

"Mbaya," alisema. "Tena."